Waliniambia nyumba isiyo na mtoto isifuge paka. Nikafuga

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi humu ni msomaji tu, kazi yangu ni kula popcorn kwenye nyuzi za wenzangu. Leo nimeamua kuleta wangu. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mume wangu amesoma kila mstari kabla sijaupandisha. Sehemu zinazomhusu nilimuuliza kama nizitoe, akasema ziache zilivyo.

Ni uzi wa paka. Kama wewe ni wale wa "paka ni paka tu, mtupie mfupa uendelee na maisha", pita salama, hatugombani.

Nijitambulishe kidogo ili tuwe pamoja.

Ni Mrundi niliyekulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Ndiyo maana Kiswahili changu mnakielewa. Tuliporudi, wazazi walipata kipande cha shamba Butihinda, Muyinga, karibu kabisa na mpaka, na mpaka leo wako hapo. Mimi niliolewa Gitega. Mume wangu anaitwa Juvenali, ni mwashi. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, chumba cha mbele.

Hatuna mtoto.

Naliandika mapema ili lisiwasumbue. Huku kwetu mwanamke akikaa kwenye ndoa muda mrefu bila kuzaa, tumbo lake linakuwa mali ya umma. Mteja anakuja kupimwa gauni, futi nimeshika mimi, lakini anayempima mwenzake kiuno ni yeye, kwa macho.

Nimeishi hivyo miaka. Nimezoea. Kuzoea si kukubali, lakini hilo tutalifikia.

Sasa tuje kwa paka.

Nilikwenda Butihinda kumwona mama, alikuwa ameteguka mguu akitoka shambani. Pembeni ya nyumba yao kuna mashine ya kusaga, na nyuma ya ile mashine alikuwa anaishi mtoto wa paka. Mama yake alishakufa, ndugu zake watu walishawachukua. Amebaki yeye, wa kijivu, tumbo jeupe, mwili mzima umejaa unga kama mtu aliyeanguka kwenye gunia. Akisikia hatua tu, haonekani tena.

Mwenye mashine hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Mchukue, dada. Siku moja atajipenyeza kwenye mkanda na mimi ndiye nitakayeokota vipande."

Sikuwa nimepanga kufuga kitu. Lakini nilimwona amejibana pale kwenye kona, mashine inanguruma, anatetemeka na hana pa kwenda, na nikajua sitaweza kupanda gari nikamwacha.

Mama yangu ndiye aliyemkamata, na mguu wake ule ule mbovu. Alimrushia kitenge, akamfunga kama sambusa, tukamtia kwenye kikapu cha mfuniko. Mkono wangu bado una alama ya ukucha.

Gari zilikuwa chache, mafuta yalikuwa shida kama kawaida yake siku hizi. Dereva alipojua kuna paka kwenye kikapu akasema kiende nyuma, chini ya mizigo, paka ana mkosi barabarani. Nikamwambia atoe na mizigo yangu mingine yote, nitasubiri gari nyingine, hata kama ni kesho. Abiria wakamwambia, "Mwache mwanamke wa watu, twende." Tukaenda, kikapu kiko mapajani.

Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akatabasamu. "Watoto wako watafurahi sana."

"Sina watoto."

"Basi, Mungu atafanya."

"Ameshafanya, mama. Si unaniona, mimi hapa mzima."

Hakunisemesha tena mpaka tukafika mji wa Karuzi.

Njia nzima paka alikuwa analia, na mimi nilikuwa namwambia "buhoro, buhoro", neno letu la Kirundi la kumwambia mtu polepole, taratibu. Tunafika Gitega, lilikuwa limeshakuwa jina lake. Buhoro.

Nilifungua kikapu chumba cha mbele. Nilichoona ni mkia tu. Nina kabati la vitambaa ambalo halijagusana vizuri na ukuta, kuna upenyo nyuma yake. Akaingia humo, kimya.

Juvenali aliporudi kazini, suruali ina simenti mpaka magotini, alisimama mlangoni akasikiliza.

"Nini kinapumua nyuma ya kabati?"

"Paka."

"Wa nani?"

"Wetu."

Hakubisha. Ni mtu wa maneno machache. Alipiga magoti, akaingiza mkono amtoe, mkono ukatoka na damu.

"Huyu wetu hanitaki," akasema, akaenda kunawa.

Wakuu, ushauri niliopewa wiki ile, mngecheka. Mmoja akasema nimfunge kamba shingoni mpaka azoee. Mwingine, mnyime chakula, njaa ndiyo mwalimu. Mama mmoja tunayesali naye alikuja rasmi, amevaa vizuri kabisa, kuniambia paka kwenye nyumba ya mwanamke asiye na mtoto ananyonya bahati ya tumbo. Nilimkaribisha chai. Akanywa. Nikamwambia paka anabaki.

Aliyeniambia kitu cha maana ni mmoja tu, Mama Neema. Ni jirani yangu, Mkongomani wa Uvira, anauza vitenge na ndagala, zile dagaa zetu za ziwani. Alifuga paka huko kwao, alipokimbia akamwacha ghalani, na mpaka leo bado anamtaja.

Alichungulia nyuma ya kabati mara moja tu, akainuka.

"Ule paka haiko mukali, mama. Iko na woga. Usimuvute. Ukimuvuta leo, kesho anaingia ndani zaidi."

"Sasa nifanyeje?"

"Ikala chini, fanya kazi yako. Usimuangalie mu macho. Atakuya yeye mwenyewe."

"Lini?"

"Weye uko na haraka ya kwenda wapi?"

Nikaikala chini, kama alivyosema.

Nieleze nilivyofanya, labda kuna mtu humu ana paka wa hivyo amejificha sasa hivi chini ya kitanda.

Kwanza sikumpa nyumba nzima. Nilimwachia chumba kile kimoja, mlango wa ndani nikaufunga. Nyumba nzima kwa kiumbe mwenye hofu ni kama mtu wa kijijini kuachwa katikati ya stendi. Mama Neema akanipa boksi la vitenge, nikakata mlango mdogo, ndani nikaweka kitenge changu cha zamani nilichokuwa nalalia, sijakifua, ili azoee harufu yangu hata nikiwa sipo. Kona ya mbali nikaweka beseni la mchanga na majivu kidogo, mbali na chakula, maana hata sisi hatuli chooni. Ndagala nilizichemsha bila chumvi. Sahani nikaisukuma mpaka mdomoni mwa ule upenyo, halafu nikaondoka nikakaa kwenye stuli yangu, nimempa mgongo.

Shida ikawa cherehani.

Nina cherehani ya miguu. Nikikanyaga tu, gurudumu likianza kulia, Buhoro anakimbia chakula. Nilichukua muda kuelewa. Huyu amekulia nyuma ya mashine ya kusaga. Kwake yeye gurudumu likizunguka maana yake kaa mbali, utakufa. Alikuwa na akili timamu kabisa, kosa langu lilikuwa kumwona mjinga.

Kwa hiyo akiwa anakula nikawa nazungusha gurudumu kwa mkono. Mshono mmoja, nasimama. Mwingine, nasimama. Kazi ikachelewa. Kuna mteja alikuja juu, akasema hawezi kusubiri gauni kwa sababu ya paka. Nilikunja kitambaa chake vizuri nikamrudishia. Alitegemea nimbembeleze. Sikumbembeleza.

Na nilikuwa naongea. Nilimsimulia Buhoro umbea wote wa mtaani, habari za kambini, foleni za maji, nani alimwibia nani sufuria. Hakuwahi kunikatiza, hakuwahi kuniuliza nitazaa lini.

Kila siku sahani ilikuwa inasogea mbali kidogo na kabati, kiasi cha kiganja. Nilianza kuona pua. Halafu masharubu. Halafu siku moja nikageuka nikamkuta amekaa nje kabisa, ananitazama. Nikafumba macho taratibu, nikageuza uso pembeni, kama Mama Neema alivyonielekeza, kumwonyesha kwamba sina vita naye. Nilipofumbua, na yeye alikuwa anafumba.

Kwa mtu asiyefuga hiyo si kitu. Mimi nilishindwa kuingiza uzi kwenye sindano.

Kucheza kulianza kwa bahati. Nilikuwa napunguza pindo, ukanda wa kitambaa chekundu ukaning'inia kutoka mezani. Mara nauona unavutwa. Nikautikisa kidogo. Akaurukia. Tangu siku hiyo kila baada ya kazi tunacheza na ule ukanda, na mwisho wa mchezo ananusa kidole changu. Sikumshika. Nilimwachia anuse aondoke. Siku aliyojisugua kidevu mkononi mwangu, yeye ndiye aliyeamua.

Juvenali naye akaanza tabia. Akirudi kazini analala chali sakafuni chumba cha mbele, anasema ananyoosha mgongo.

"Na lazima uunyooshe karibu na kabati?"

Anafumba macho. Buhoro anakuja kunusa viatu vyake.

Hapo ndipo tulipokuwa tumefika. Alikuwa bado hajapanda mapajani kwa mtu, ukimwita haji, mlango ukigongwa anapotea. Lakini alikuwa anaishi nasi.

Ndipo wifi akaja.

Dada Consolata ni mkubwa wa Juvenali. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea, kwa hiyo kwenye ukoo ule neno lake ni neno la mama. Anaishi Gasorwe, analima. Alikuja kutibiwa macho hapa Gitega, akafikia kwetu, na nilimpokea vizuri, kitanda chetu tulimpa yeye.

(Tuliongea Kirundi, naandika kwa Kiswahili mnielewe.)

Siku ya kwanza alimwona Buhoro anachungulia kwenye boksi.

"Kumbe huyu ndiye mtoto mliyetuzalia."

"Huyu ni paka, dada."

"Naona. Nyumba isiyo na mtoto haiwekwi paka. Anakaa mahali ambapo mtoto angekaa."

"Mtoto hakai nyuma ya kabati, dada."

Akanitazama. "Hayo ndiyo mliyofundishwa huko Tanzania. Kujibu wakubwa."

Nikaendelea kushona.

Tatizo halikuwa maneno, maneno mimi nayala na chai. Tatizo ni kwamba kila akipita chumba cha mbele alikuwa anapiga mguu chini, pah, ili amwone anavyokimbia. Anacheka. Nilimwomba kwa heshima apite taratibu. Akaniambia nyumba ni ya mdogo wake, na yeye hajawahi kumnyatia paka.

Juvenali alisikia. Alikuwa anakula. Akaendelea kula.

Buhoro akarudi nyuma ya kabati. Kazi yote ile, wakuu, pah, imekwenda.

Sasa siku yenyewe.

Nilikuwa na magauni ya harusi ya kupeleka kwa mteja mtaa mwingine. Nilivaa vizuri, kitenge changu kipya, nikamfungia Buhoro, nikaenda. Kurudi, mlango uko wazi. Boksi limekanyagwa limekuwa bapa, limesimamishwa karibu na takataka. Dada Consolata amekaa kwenye mkeka anachambua maharage.

"Yuko wapi?"

"Nimemtoa."

"Umempeleka wapi?"

"Sokoni, kwenye maghala ya nafaka. Kule kuna panya, atapata kazi." Hakuinua hata uso. "Nimekusaidia. Siku moja utanishukuru."

Alikuwa amemtia kwenye kikapu changu, kile kile, akaenda naye mpaka sokoni akafungua mfuniko. Jinsi alivyomkamata sijui na sitaki kujua.

Sikupiga kelele. Nilichukua ule ukanda mwekundu, nikachota ndagala kwenye sufuria nikazifunga kwenye mfuko.

"Ukitoka mlango huo kwa ajili ya paka," akasema, "nampigia ndugu yangu simu."

"Mpigie. Namba unayo."

Nilimpitia Mama Neema kwenye meza yake. Hakuuliza maswali, alifunika ndagala zake na turubai tukaenda. Yeye ndiye aliyeuliza uliza kwa wauza maharage, mmoja akatuonyesha. Kuna kitu kidogo cha kijivu kimekimbilia chini ya zile mbao zinazopangwa sakafuni kuwekea magunia.

Nikalala kifudifudi nikachungulia. Mwisho kabisa, gizani, macho mawili.

Wabebaji walikuwa wanapakia lori. Mmoja akaja na mti mrefu.

"Mama, nikisukuma huu hapa, sasa hivi ametoka."

"Atatoka, na hatarudi kwangu tena. Weka mti wako chini, kaka."

Nikakaa. Pale pale chini, vumbi la maharage na mafuta ya lori, na kitenge changu kipya. Nikaweka ndagala mbele ya mbao. Nikatandaza ukanda, nikawa nauvuta kidogo kidogo.

Haikuchukua muda watu wakajaa. Mnajua soko. Mwanamke mzima, amevaa vizuri, amekaa chini anavuta kitambaa, anaongea na magunia. Simu zikatoka, watu wanarekodi. Nikasikia mwanamke nyuma yangu anamwambia mwenzake, "Si yule fundi asiyezaa?"

Nikageuka.

"Ndiye mimi. Sogea kidogo, unamzibia mwanga."

Akasogea.

Mama Neema alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni. "Munaangalia nini? Hamuyaona bado paka?" Baadhi wakacheka, baadhi wakaondoka. Mimi niliendelea kuvuta ukanda.

Halafu nikaona viatu vyenye simenti.

Juvenali. Dada yake alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba mke wake amerukwa na akili, anagaagaa sokoni, anaaibisha ukoo. Aliacha kazi akaja hivyo hivyo. Alisimama juu yangu, na nilijua kwa jinsi alivyokuwa anapumua kwamba amekuja kuninyanyua.

Nikamwahi kabla hajafungua mdomo. "Kama umekuja kunichukua, mimi siendi. Kama umekuja kukaa, kaa."

Wakuu, nilikuwa namaanisha. Na sikuwa naongelea paka peke yake. Naye alijua.

Aliwatazama wale watu. Alikuwa anawafahamu baadhi, amewajengea. Nilidhani ataondoka. Kisha akajikunja taratibu, mgongo wake ule unaouma, akakaa chini pembeni yangu.

Akawaambia wabebaji, kwa sauti ya kawaida tu, "Jamani, hii safu ya mwisho tunaomba ibaki kidogo. Mke wangu anamsubiri mtu."

Hakuna aliyecheka. Wakaenda kupakia upande mwingine.

Umati nao ukapungua. Watu walikuja kutazama ugomvi, na ugomvi haukuwepo. Pakawa kimya kiasi. Nikaanza kuongea kama ninavyoongea nikiwa kwenye cherehani. Nikamsimulia Buhoro habari za bibi harusi, jinsi gauni lilivyogoma kupita mabegani na mama mkwe alivyotoa maoni. Juvenali alikuwa anatazama ardhi. Mara moja nikamwona anatabasamu.

Pua ikatoka. Ikarudi. Ikatoka tena.

Alikuwa amejaa vumbi, utando wa buibui kichwani. Alizipita ndagala hakuzigusa. Akaukanyaga ukanda kama hauoni. Akapanda mapajani mwangu, yeye ambaye hakuwahi kupanda kwa mtu, akasukuma kichwa ndani ya mkunjo wa kitenge mpaka kikapotea.

Sikulia pale. Kulikuwa bado na watu, na hicho sikutaka kuwapa.

Tulirudi kwa miguu, Buhoro ndani ya kitenge. Nyumbani Dada Consolata alikuwa ameketi, begi lake liko miguuni.

"Juvenali," akasema, "mwanamke huyu ametuvua nguo sokoni. Nilikwambia zamani utafute wa kukuzalia, ukanyamaza. Leo uchague. Mimi na ukoo wako, au huyu na paka wake."

Juvenali alivua viatu kwanza. Akavipanga ukutani. Mimi nilikuwa nimesimama, Buhoro bado ndani ya kitenge.

"Dada. Tulikwenda hospitali sote wawili, tukapimwa. Tatizo ni langu. Yeye hana kasoro."

Dada Consolata akaninyooshea kidole.

"Yeye anajua?"

"Anajua tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyemwomba asiseme."

Alinitazama, yule wifi yangu, kwa macho yake yale mekundu yenye dawa. Nadhani alikuwa anapitia kila neno alilowahi kuniambia mbele za watu, kwenye sherehe, kwenye misiba. Yalikuwa mengi. Nilimwachia ayapitie, sikumsaidia.

Alivuta ungo wake, akarudi kwenye maharage.

Asubuhi aliondoka. Nilimbebea begi mpaka kwenye gari, kwa sababu ni mkubwa na macho yake yalikuwa bado hayajakaa sawa. Msije mkasema nilimsamehe. Nilimbebea begi.

Na mume wangu? Nilimwambia asante. Kisha nikamwambia, umechelewa. Yote mawili ni ya kweli na yote mawili aliyakubali. Niliibeba siri yake kwa mapenzi yangu, hakuna aliyenilazimisha, lakini alipaswa kuniona mgongo unavyopinda. Tumeongea mengi tangu siku ile kuliko miaka yote iliyotangulia. Mengine ni ya kwetu.

Buhoro alirudi nyuma ya kabati. Ndiyo, hata baada ya kupanda mapajani. Niliumia kidogo, nikafikiri tunaanza sifuri. Lakini safari ya pili ilikuwa fupi. Imani yake kwangu haikuwa imekufa, ilikuwa imejificha tu inasikiliza kama hatua zinazokuja ni zangu. Boksi jipya, kitenge kile kile, sahani, ukanda. Juvenali alisogeza kabati, akapima, akaujengea ule upenyo kizingiti kidogo cha mbao ili uwe mlango wake halali.

Siku hizi nakanyaga cherehani mwendo wote na yeye amelala juu ya meza, kwenye kitambaa cha mteja, mkia unagusa gurudumu. Wageni bado anawakimbia. Wakiniuliza yuko wapi nawaambia yupo, ila hamtamwona. Simtoi kwa nguvu kumfurahisha mtu.

Wale mnaoshuka haraka haraka mkisubiri niseme "na baada ya miezi kadhaa nikapata mimba", samahani. Hakuna mimba. Hakuna muujiza mwishoni mwa uzi huu. Kuna mwanamke, mwanaume na paka, na tunakula mezani pamoja, yeye chini ya meza.

Dada Consolata hajapiga simu. Mwezi huu alitutumia maharage kupitia mtu anayetoka Gasorwe. Nimeyapika. Yalikuwa yamechambuliwa vizuri mno, hakuna jiwe hata moja, na kwa mtu mwenye macho yale hiyo ni kazi ya siku nzima. Labda kwake huo ndio msamaha. Mimi bado nasubiri wa mdomo.

Nilichojifunza ni hiki. Aliyeogopa hatolewi kwa mti, awe paka, awe mume, awe mwanamke aliyesemwa mpaka akajificha ndani ya nyumba yake. Unakaa chini karibu naye, unafanya kazi yako, unamwachia mlango wazi. Na anayekuja kupiga mguu chini ili amwone anavyokimbia, huyo unamwonyesha njia ya kutokea, hata kama ni mkubwa wako. Begi unaweza kumbebea.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mwenye paka mwoga aniambie alifanyaje, mwenye swali aulize, anayenipinga anipinge kwa hoja. Ila wa kuja kunionea huruma namwomba apite kwa kunyata, Buhoro amelala hapa mkononi na sitaki mtu amwamshe.